Kompyuta ya sebuleni isiyosikika na seva yake ya filamu: panga hivi kabla hujanunua chochote

Siku naanza haya mambo ya kuunganisha kompyuta na TV ningepata mtu wa kuniambia jambo moja tu, ningetaka aniambie hivi: kelele huitoi baada ya kununua, unaipanga kabla. Mi nilijenga mashine moja kubwa nikaiweka chini ya TV, ndani nikapachika hadidiski nne, feni tatu na pawa saplai ya kawaida, nikaona hapa nimemaliza, kila kitu kiko sehemu moja. Na kweli iliwaka vizuri na filamu zilicheza, ila ikifika ile sehemu watu wananong'ona na muziki hamna, unasikia vuuuu ya feni, afu diski moja inaanza kukwaruza krr krr krr, unaongeza sauti ili uwasikie wanaoongea, dakika mbili mbele kuna mlipuko na watoto wote wanaamka. Nilihangaika na lile dude karibu mwaka mzima, nikabadilisha feni, nikabandika sponji ndani ya kesi, nikaweka raba chini ya miguu, kila kitu kikasaidia kidogo na hakuna kilichomaliza tatizo. Kilichomaliza ni kuligawa liwe mashine mbili.

Kwahiyo msimamo wangu ndo huu, na mengine yote hapa chini yanatoka humo: karibu na TV kaa na kiboksi kidogo ambacho ndani yake hakuna kinachozunguka, hadidiski zote zihamie kwenye seva, yaani kompyuta ya kutunza filamu na kuzituma, iliyo chumba kingine, na hivyo viwili viongee kwa waya wa netiweki. Ukuta mmoja na mlango uliofungwa vinafanya kazi ambayo hakuna feni ya bei mbaya itaifanya. Kama nyumba ni chumba kimoja usikate tamaa, nimekuwekea maelezo yako mbele.

Masikio yanavyosikia

Usiruke hapa maana ndo panakuokolea hela. Desibeli hazijumlishwi kama tulivyozoea. Feni mbili zinazofanana, kila moja desibeli 20, zikiwaka pamoja hazitoi 40, zinatoa 23. Na masikio yetu yanahitaji ongezeko la kama desibeli 10 ndo tuseme kelele imekuwa mara mbili. Maana yake kwa vitendo, ukituliza kitu chenye sauti ndogo huku kile kikubwa bado kinanguruma, husikii tofauti yoyote. Tafuta chenye kelele kuliko vyote, kitulize hicho kwanza, afu ndo uhamie kinachofuata.

Jambo la pili ni spidi ya feni. Feni ileile ukipunguza mzunguko wake kuwa nusu, hewa inayosukuma inapungua nusu, lakini kelele inashuka kama desibeli 15, yaani unapoteza kidogo unapata kingi. Ndo maana feni ya milimita 120 au 140 inayojizungukia taratibu mara 500 au 600 kwa dakika inapoza vizuri bila kusikika, wakati kale kafeni kadogo ka milimita 40 kanalazimika kuzunguka maelfu ya mara kusukuma hewa ileile na kanalia kama mbu. Ukiona mashine yoyote ina kafeni ka hivyo, iache, hata kama ina sifa nzuri kiasi gani kwenye karatasi.

La tatu watu wengi hawalijui: sauti isiyobadilika ubongo unaizoea na kuisahau, sauti inayopanda na kushuka unaisikia kila mara. Feni inayokaa 600 muda wote ni bora kuliko ile inayokaa 400 afu kila dakika inaruka 1200 na kurudi. Kumbuka hili tukifika kwenye kuseti feni.

Kiboksi cha sebuleni

Kabla hujaangalia ukubwa wa ramu au idadi ya kori, angalia kitu kimoja, je hicho kiboksi kina uwezo ndani ya chipu wa kufungua kodeki za filamu zako, yaani namna video zilivyokandamizwa? Kodeki tatu ndo za kuzingatia: H.264 ambayo karibu kila kitu kinaifungua, HEVC ya biti 10 ambayo ndo inabeba filamu nyingi za 4K na HDR (picha yenye mwanga na rangi pana zaidi), na AV1 ambayo inazidi kuenea kwenye video za mtandaoni. Kwa upande wa Intel, HEVC ya biti 10 inafunguliwa na chipu kuanzia kizazi cha 7, AV1 kuanzia kizazi cha 11. Chipu ndogo kama N100 iliyotoka 2023 inafungua zote tatu na imepangiwa wati 6 tu, ndo maana utaiona kwenye vikompyuta vidogo kibao. Kodeki isipokuwemo kwenye chipu, prosesa inabidi ifanye kazi yote kwa nguvu, inachemka, feni inaamka, na kama haina feni inajipunguzia spidi na picha inaanza kukatakata.

Chaguo langu kwa mtu anayetaka kucheza filamu zake tu ni kikompyuta cha N100 kisicho na feni, ambacho bodi lake lenyewe la alumini ndo linatoa joto. Kuwa makini, vingi vya N100 vinakuja na feni ndogo ndani hata kama kwa nje vinaonekana vimefungwa, soma maelezo mpaka mwisho au tafuta picha ya ndani. Raspberry Pi 4 au 5 nayo inafaa ukiiweka kwenye kesi ya alumini inayogusa chipu, zote mbili zinafungua HEVC ya 4K ndani ya chipu, ila AV1 hazina. Faida ya Pi ambayo inanifanya niipende ni kwamba inaelewa CEC, yaani rimoti ya TV inaiendesha moja kwa moja kupitia waya wa HDMI. Kompyuta nyingi za kawaida hazina hiyo CEC, utahitaji kidude cha USB cha kuongeza, au kipokeo cha rimoti kama Flirc ambacho unakifundisha rimoti yoyote iliyoko nyumbani.

Juu yake weka LibreELEC, ni Linux nyepesi inayowaka na kuingia moja kwa moja kwenye Kodi, programu ya kuchezea filamu, haina madirisha wala apdeti za kukusumbua katikati ya filamu. Ila kama nyumbani mnategemea pia huduma za kulipia za filamu mtandaoni fahamu mapema kwamba nyingi hazitoi 4K kwenye kompyuta ya Linux, ni masharti yao ya kulinda filamu, na hakuna kuseti kutakakobadilisha. Hapo waachie hizo apu kwenye TV yenyewe na kiboksi kibaki na maktaba yako. Na Dolby Vision, aina moja ya HDR, usiitegemee kwenye kompyuta, aina ya HDR10 ndo inaenda bila shida.

Ukishawasha Kodi kuna kuseti kumoja watu wanakuruka afu wanalalamika picha inasita kamera ikizunguka. Filamu nyingi zina picha 24 kwa sekunde, kwa usahihi 23.976, na TV imezoea 60. 24 haiingii sawasawa kwenye 60, kwahiyo picha moja inakaa muda mrefu kuliko nyingine na jicho linaona kusita. Nenda kwenye kuseti za uchezaji, tafuta pale pa kuruhusu Kodi ibadilishe mapigo ya skrini yaendane na video, washa iwe inabadilisha filamu ikianza na kurudisha ikiisha. TV itapiga weusi sekunde moja mbili mwanzoni, hiyo ni kawaida.

Kwenye saundi, kama kiboksi kinapita kwenye TV ndo kiende kwenye sabufa au risiva ya saundi, angalia tundu la HDMI la TV linalorudisha sauti limeandikwa ARC au eARC. ARC ya kawaida haibebi sauti za ubora wa juu za diski za Blu-ray kama TrueHD, eARC inabeba. Kama una ARC tu, chomeka kiboksi kwenye risiva kwanza afu picha ndo iende kwenye TV.

Kisicho na feni nacho kina masharti yake. Bodi litakuwa la moto ukiligusa, hiyo ndo kazi yake, lakini usilifungie kwenye kabati lenye mlango wala usiweke kitu juu. Afu kutokuwa na feni siyo sawasawa na kuwa kimya, baadhi ya hizi mashine zinatoa kamlio kembamba kutoka kwenye koili za umeme, tsiiii, hasa skrini inapobadilika haraka. Hako kamlio hakatibiki kirahisi, ukikasikia siku ya kwanza rudisha mashine mapema wakati bado unaruhusiwa.

Kelele ya seva inaanzia sebuleni

Hili lilinichukua muda kulielewa. Seva ya filamu ina njia mbili za kukupa filamu. Ya kwanza inakutumia faili lilivyo, hapo kazi yake ni kusoma diski na kurusha data, prosesa karibu imelala. Ya pili inalazimika kulitafsiri faili upya huku linacheza, ndo kutranskodi, na hapo prosesa inapanda, joto linapanda, feni zinapanda. Kwahiyo kiboksi chako kikiweza kufungua kila kitu, seva haifanyi kazi yoyote na inabaki baridi na kimya. Ukinunua kiboksi dhaifu utalazimika kununua seva kubwa ya kukibeba, na seva kubwa ina feni kubwa. Weka hela kwenye kiboksi.

Kuna vitu viwili vinavyowasha kutranskodi bila we kujua. Cha kwanza ni maandishi ya chini ya skrini yanayotoka kwenye Blu-ray, yale ni picha siyo herufi, fomati yake inaitwa PGS, na vicheza vingi, hasa apu za kwenye TV, haviyaelewi, kwahiyo seva inaamua kuyachora juu ya video na kutengeneza filamu nzima upya. Weka faili la SRT, yaani maandishi ya herufi za kawaida, pembeni ya filamu na tatizo linaisha. Cha pili ni HDR kwenye skrini isiyo na HDR, kama simu au TV ya zamani ya chumbani, rangi inabidi zikokotolewe upya. Kodi haina shida na PGS, hiyo ni sababu nyingine ya kuitumia.

Waya

Hapa nitakuwa mkali, vuta waya. Blu-ray ya kawaida video yake haizidi megabiti 40 kwa sekunde, ya 4K inaweza kufika 128 kwa vipindi vifupi. Wifi nzuri inaweza kubeba hizo siku ikiwa na hali nzuri, lakini siku jirani naye anadownload na microwave inawaka, filamu inasimama. Waya wa Cat5e unabeba gigabiti moja mpaka mita 100, yaani mara nyingi zaidi ya unachohitaji, na hauna siku mbaya. Tahadhari moja, TV nyingi hata za bei kubwa tundu lao la netiweki ni la megabiti 100 tu, ndo maana mtu anacheza filamu ya 4K kwa apu ya kwenye TV na waya mzuri kabisa na bado inakwama kwenye matukio yenye vurugu nyingi. Kiboksi cha pembeni chenye tundu la gigabiti kinamaliza hilo.

Seva yenyewe

Seva haihitaji kuwa mpya. Kompyuta ya ofisini iliyotumika, yenye Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, inatosha kabisa kwa familia, maana sehemu ya picha iliyo ndani ya chipu ya Intel ina kitu kinaitwa Quick Sync inayotranskodi kwa umeme kidogo siku ikibidi. Kama unanunua iliyotumika usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia: iwashe mbele yako, isikilize, hesabu matundu ya SATA ya kuchomekea diski, na angalia kama hadidiski za inchi 3.5 zinaingia ngapi, vile vidogo vinaingiza moja au haviingizi kabisa. Kadi ya picha ya pembeni usiweke, ni kelele ya feni na umeme unaopotea bure.

Hesabu ukubwa kabla ya kununua diski. Filamu moja ya Blu-ray uliyoitoa kwenye diski yako bila kuikandamiza inachukua kama GB 25 mpaka 40, ya 4K mara nyingi 50 mpaka 80. Diski ya TB 8 inabeba filamu kama 250 za kawaida. Watu wengi wananunua diski nne ndogo kwa sababu ni rahisi, mi nasema nunua mbili kubwa, kila diski inayozunguka ni kelele, joto, umeme na kitu cha kuharibika. Angalia pia isiwe ya SMR kama utaiweka kwenye RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja), hizo zinaandika kwa kupandisha njia moja juu ya nyingine kama vigae, na siku ya kujenga upya diski iliyokufa zinakuwa polepole vibaya sana. Tafuta zilizoandikwa CMR. Za mzunguko 5400 ziko kimya kuliko 7200, ila zile kubwa sana karibu zote ni 7200, na ndo sababu nyingine ya kuzipeleka chumba kingine.

Mtetemo wa diski ni adui wa peke yake. Diski yenyewe siyo kelele kubwa, kelele inakuja pale mtetemo unapohamia kwenye bati la kesi, na kesi ikakaa kwenye meza ya mbao, sasa meza nzima inakuwa spika. Raba laini kwenye skrubu za diski zinasaidia sana, na chini ya seva weka kipande cha povu zito au mkeka mnene. Usiiweke juu ya kabati lililo tupu ndani, na usiigemeze kwenye ukuta unaopakana na kitanda cha mtu.

Sa tuje kwenye namna ya kuzipanga diski, maana hapa ndo watu wanafuata mashauri ya seva za maofisini. RAID 5 au ZFS zinagawa kila faili vipande kwenye diski zote, kwahiyo ukicheza filamu moja, diski zote zinaamka na kuzunguka. Kwa filamu za nyumbani ambazo zikishaingia hazibadiliki, mi natumia SnapRAID na mergerfs, zote za bure. Kila filamu inakaa nzima kwenye diski moja, mergerfs inaziunganisha zionekane kama folda moja, na SnapRAID inatumia diski moja ya ziada kuhifadhi hesabu za kurudisha diski ikifa. Hiyo diski ya ziada lazima ukubwa wake uwe sawa au zaidi ya diski kubwa kuliko zote. Ukiangalia filamu inaamka diski moja tu, nyingine zimelala. Kasoro yake ni kwamba hesabu zinafanyika pale unapoiendesha, kwa kawaida mara moja usiku, kwahiyo kitu ulichoweka leo mchana bado hakijalindwa. Kwa filamu nakubali hiyo hatari. Kwa picha za familia sikubali, hizo zina bakapu yake.

Na nisisitize, kulinda diski isife siyo bakapu. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, kwenye RAID imefutika palepale, na kwenye SnapRAID hesabu zikishaendeshwa tena huirudishi. Filamu unaweza kuzitoa tena kwenye diski zako, video ya mtoto anaanza kutembea huwezi. Hiyo ikae nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, na moja iwe nje ya nyumba.

Kulaza diski kwenye Linux unatumia hdparm, amri ya `hdparm -S 242` inailaza baada ya saa moja ya kukaa bure. Usiweke dakika tano, diski ikiamka na kulala mara kibao kwa siku inachoka, na kila kuamka ni sekunde kama kumi za kusubiri filamu ianze. Ili diski zilale kweli, mfumo wa seva, hifadhidata ya maktaba na picha za makava viwe kwenye SSD ndogo, diski isiyo na kinachozunguka. Hapo nilipoteza wiki mbili, kila mtu akifungua orodha ya filamu diski zote ziliamka kwa sababu makava yalikuwa kwenye hadidiski, nilipoyahamishia kwenye SSD zikatulia. Angalia na ratiba ya kukagua maktaba, ikiwa inakagua kila nusu saa basi diski hazitalala milele, iweke mara moja kwa siku.

Pawa saplai watu wanazidisha. Seva ya aina hii ikitulia inakula kama wati 20 mpaka 40. Ukiiwekea ya wati 750 inafanya kazi chini kabisa ya uwezo wake, ambako nyingi zinapoteza umeme kwa joto. Ya wati 300 mpaka 450 yenye alama ya 80 Plus Gold, yaani haipotezi umeme mwingi, inatosha, na kuna ambazo feni yake haizunguki kabisa mzigo ukiwa mdogo. Acha nafasi kidogo ya kuamka kwa diski, kila diski ya inchi 3.5 inavuta wati 20 hivi au zaidi kwa sekunde chache ikianza kuzunguka, ukiwa na sita zikaamka pamoja ni mzigo. Na umeme wenyewe fanya hesabu, wati 15 zikiwaka mwaka mzima ni kilowati-saa 131, wati 70 ni 613. Afu weka UPS ndogo (betri ya akiba), umeme ukikatika diski inaandika ndo mwanzo wa mafaili kuharibika.

Programu, chagua Jellyfin au Plex. Jellyfin ni ya bure kabisa, ilitokana na programu nyingine inaitwa Emby mwishoni mwa 2018, na kutranskodi kwa chipu hulipii. Plex ni laini zaidi kwa wageni na apu zake ziko karibu kwenye kila TV, ila kutranskodi kwa chipu kunataka Plex Pass ya kulipia. Mi niko Jellyfin. Yoyote utakayochukua, taja mafaili vizuri toka mwanzo: kila filamu folda yake yenye jina na mwaka kwenye mabano, mfululizo uwe na folda za msimu na mafaili yenye S01E01, S01E02 na kuendelea. Ukiwa na filamu 20 unaona ni ujinga, ukiwa na 300 zenye makava ya filamu nyingine utatamani kulia. Jua pia siku chache za kwanza seva itakuwa na kelele na joto maana inachambua maktaba yote na kutengeneza vipicha, usianze kubadilisha feni wakati huo, isubiri imalize.

Kuseti feni

Ingia BIOS, yaani kuseti za kompyuta yenyewe unazofungua inapoanza kuwaka. Feni yenye waya nne iseti PWM, yenye waya tatu iseti DC, ukikosea hapo ya waya tatu inazunguka kwa nguvu zote na utailaumu feni bure. Ule mstari unaopanga spidi ya feni kufuata joto uweke umelala: kutoka baridi mpaka prosesa ikifika nyuzi 60, feni ibaki palepale kwenye spidi ya chini ambayo bado inazunguka bila kusitasita, kutoka 60 ndo ianze kupanda polepole. Kama kuna sehemu ya kuchelewesha feni kupanda, weka sekunde kadhaa, maana prosesa inaruka joto kwa nusu sekunde ukifungua menyu tu na haina haja feni ikimbizane nayo. Prosesa kufika 75 au 80 ikiwa na kazi nzito haina madhara. Hadidiski ndo za kuonea huruma, zisizidi 45, kwahiyo feni moja ya milimita 120 au 140 ipulize moja kwa moja mbele yao hata kama ni taratibu.

Ukimaliza ipe seva kazi ya saa moja, transkodi filamu mbili kwa pamoja na kesi ikiwa imefungwa, angalia joto la prosesa na la kila diski. Kama bado kuna nafasi, punguza feni tena kidogo, rudia.

Kama una chumba kimoja tu

Basi mashine moja, na hapa SSD ndo mkombozi. Kama maktaba yako inaingia kwenye TB 4, weka SSD tupu, hamna hadidiski, tatizo limeisha. Kama ni kubwa zaidi, weka SSD ya kutosha filamu kumi au ishirini na hadidiski moja kubwa ya ghala, mchana unakopi mtakazoangalia wiki hiyo kwenda kwenye SSD, usiku ghala limelala. Prosesa iwe ya umeme mdogo, juu yake hitisinki (chuma cha kutolea joto) kubwa kuliko inavyohitaji yenye feni moja ya 120, kesi yenye nafasi na siyo ile nyembamba ya kupendeza, maana nyembamba inakulazimisha kafeni kadogo. Afu isogeze mbali. Waya wa HDMI wa mita tano bado unabeba 4K ukiwa mzuri, na kila unapozidisha umbali mara mbili kelele inashuka, nje mahali pa wazi ni desibeli 6, ndani ni pungufu kwa sababu kuta zinairudisha, ila bado utaisikia tofauti. Nyuma ya kochi siyo mahali, hapo iko karibu na masikio kuliko TV. Pembeni ya TV, mgongo wake ukiwa wazi, ndo pazuri.

Jaribio la usiku

Subiri usiku, nyumba imelala, zima friji kama unaweza kwa dakika tano, kaa pale unapokaa siku zote kuangalia filamu. Cheza sehemu yenye ukimya kuliko zote, afu bonyeza pozi usikilize. Ukisikia kitu, usikisie, kitafute: chomoa feni ya kesi moja moja kwa sekunde chache usikie ipi inabadilisha hali, laza diski usikie, bonyeza bati la kesi kwa mkono, mlio ukikatika basi ni skrubu iliyolegea. Pawa saplai usiifungue, ndani yake umeme unabaki hata ukiwa umechomoa waya.

Angalia na taa wakati uko hapohapo gizani, vile vitaa vya bluu vinavyopepesa vinasumbua macho kama feni inavyosumbua masikio, kipande cha utepe mweusi kinatosha. Afu weka kumbusho kwenye simu, kila miezi mitatu toa vumbi kwenye vichujio vya feni za seva, ukiishika feni isizunguke wakati unapuliza.